Mawese Kwenye Shokapu la Nyuma

Ukimpelekea Fundi gari lako la rimoti, hakukuuliza linakimbia kiasi gani wala umelitoa wapi. Aliligeuza, mbele kukakutazama wewe na mkia ukabaki kwake, kisha akaubonyeza ule mkia kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemkanda mtoto tumbo. Gari likishuka na kupanda vizuri, alinyamaza. Likipanda kwa kuruka, aliuliza, "Hili limekula nini?" Na kama halikupanda kabisa, likabaki limechuchumaa, alikusukumia. "Kazike."

Jina analo, na wenzake msikitini kule Buzebazeba wanalijua. Sisi tulimwita Fundi, basi. Mafundi Ujiji ni wengi, wa nyumba, wa baiskeli, wa simu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno mbele ya watu wa magari ya rimoti, hakuna anayeuliza yupi. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza vyerehani, na mimi nilimjulia huko. Nashona madera kwenye baraza moja Kasingirima. Shule niliiacha kidato cha pili, na kusema kweli haikunililia sana, wala mimi sikuililia. Cherehani yangu ikianza kukata uzi, anaitwa Fundi.

Siku moja akiwa amepiga magoti chini ya meza yangu, akaona gari jekundu lisilo na bodi, limelala kwenye vipande vya vitambaa. Nilikuwa nimelitoa kwenye robota la mitumba ya vitu vya watoto.

"Hili la nani?"

"La kwangu, Fundi."

"Una mtoto?"

"Sina. Nachezea mwenyewe."

Mtu mwingine angecheka. Yeye alijifuta mikono. "Cherehani imeshapona. Lete hilo sasa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mashindano, mwanamke wa pili kati ya wanaume wengi. Wa kwanza alikuwa Zuhura, binti yake.

Nimweleze Zuhura sasa hivi, maana bila yeye huyu mzee hataeleweka. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu utotoni. Alikuwa mwembamba, macho yake yana umanjano kidogo, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wangu. Maumivu yalimjia kwenye mifupa, miguuni, mgongoni, na mara nyingi kwenye vidole, vinavimba na kukakamaa. Baridi ilikuwa adui yake. Kuendesha gari la rimoti alikupenda kupita kitu chochote, kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe, "Pale naenda mbio na mimi, halafu nimekaa." Alitaka jambo moja tu: kila msimu amalize mashindano kwa mikono yake mwenyewe, bila mtu kumwonea huruma. Na Fundi alitaka Zuhura alipate hilo jambo. Sikuona akitaka kingine.

Uwanja wetu ulikuwa Kibirizi, pale wanapoanika dagaa. Zamani tulikimbizana siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika na ile ardhi ngumu inabaki tupu. Tangu walipoanza kulifunga ziwa kila mwaka ili samaki wazaane, tunakimbizana miezi hiyo ya kufungwa. Ni miezi ya kipupwe. Ni miezi ya njaa pia, sitaki kudanganya. Mama wanaoanika wanakaa na mikono mapajani, watoto wananung'unika, na samaki mmoja mkavu, mgebuka, anazungushwa kwenye sufuria kama kumbukumbu. Wanaume wasio na la kufanya ndio waliokuja kutazama magari yetu. Nadhani tuliwasaidia kidogo. Mtu akicheka anasahau tumbo, ingawa si kwa muda mrefu.

Bingwa wetu alikuwa mvuvi mmoja tuliyemwita Migebuka, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyoteleza. Gari lake jeusi lilikuwa na mota kubwa, kelele tupu. Yeye na Fundi hawakuwahi kukutana bila kuchokozana.

"Mwakeye, Fundi," alimwamkia kwa Kiha. "Leo mkia umeamkaje?"

"Mkia wangu umeamka. Wa kwako ulilala na nani, mbona umepinda?"

Fundi alikuwa na imani yake kuhusu nyuma ya gari, na aliirudia mpaka tukaijua kwa moyo. Mbele, alisema, ni maneno tu. Wewe unageuza usukani, tairi za mbele zinasema naenda kushoto. Sasa je, nyuma imekubali? Nyuma ikikataa, gari linazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. "Watu wote wanahangaika na mbele kwa sababu ndiko wanakoangalia," alisema. "Mnawatazama watu hivyo hivyo."

Zana zake zilikuwa kichekesho. Kimo cha nyuma alikipima kwa kiberiti: kikilala kinapita chini ya gari, kikisimama kwa ubavu kinakwama, basi ni hapo. Vipande vya bomba la kalamu alivivika juu ya shokapu ili kuibana springi pale alipotaka mkia uinuke. Springi zenyewe zilitoka kwenye vyerehani vilivyokufa, alikuwa nazo kopo zima, na aliweza kutia mkono humo huku anaongea na wewe akatoa laini au ngumu bila kutazama. Kile kibao ambapo kichwa cha shokapu hufungwa alikitoboa matundu ya ziada. Ukilihamisha shokapu tundu moja ndani, likalala zaidi, mkia unalainika. Ukilirudisha nje, likasimama, mkia unakuwa mgumu na mkali. Aliweza kukaa asubuhi nzima na tundu moja.

Maneno ya matumaini hakuyataka kwenye kazi. Alikuwa mtu wa sala tano, sijawahi kumwona akipitisha hata moja, lakini siku moja nilikaza skrubu ya mkono wa nyuma nikasema, "Inshallah itashika." Alinikamata kifundo cha mkono.

"Usimtwike Mungu skrubu. Imekazwa au haijakazwa?"

"Haijakazwa vizuri, Fundi."

"Haya, kaza. Halafu mshukuru."

Uongo ndio aliouchukia zaidi. Mama mmoja jirani yangu alimletea cherehani akaapa haijaanguka. Fundi alilizungusha gurudumu mara moja, akaona mhimili umepinda, akafunga mkoba wake. Yule mama akambembeleza, akamletea kahawa, akamwita baba. Fundi akasema, "Ukikiri imeanguka, ni kazi ya nusu saa. Usipokiri, mimi natengeneza cherehani gani? Hii siijui." Akaondoka kweli. Kesho yake mama akatuma mtoto aseme imeanguka, na Fundi akarudi, akaitengeneza bila kinyongo. Kwa hiyo mnaweza kufikiri nilivyoshangaa nilipomgundua yeye mwenyewe na uongo wake, uongo mkubwa, aliokuwa anausema mbele ya watu wote kila siku ya mashindano.

Chanzo chake kilikuwa kosa la kweli.

Shokapu za magari haya zinataka mafuta ndani. Kuna mafuta yake maalumu, mazito kwa kipimo, ambayo Kigoma hayapatikani. Mwanzoni kila mtu alitia alichonacho. Fundi, kwa akili zake zote, alikwenda jikoni kwake akachota mawese. Tusimcheke sana. Mawese ndiyo mafuta yetu, tumekulia humo, na mchana ule juani yalikuwa mazito vilevile alivyotaka; mkia ulishuka na kupanda kama umepumua. Akafurahi, akalala.

Asubuhi yake tukafika uwanjani, upepo wa ziwa unakata masikio. Zuhura amejifunga kanga mbili na sweta la baba yake. Gari likawekwa chini. Likaenda hatua chache, likafika kwenye vijiwe, likaanza kurukaruka kama chura, mkia ukapaa, likapinduka. Fundi akaliokota, akabonyeza nyuma. Pagumu. Mawese yalikuwa yameganda humo ndani kama kwenye chupa ya jikoni asubuhi ya kipupwe. Kila nyumba ya Kigoma inajua kwamba chupa ya mawese inaanikwa juani kwanza ndipo yamwagike, na yeye alikuwa amesahau.

Migebuka alianguka chini kwa kucheka. "Fundi, umelikaanga gari? Shokapu lina kitoweo. Lete ugali wa muhogo tule."

Fundi alikaa juu ya jiwe, gari mapajani. "Mafuta yameganda," akasema. "Tungoje jua."

Wakamtukana, wakamtania, lakini wakangoja, kwa sababu mashindano bila Zuhura yalikuwa hayana mdomo. Jua likapanda juu ya vilima, likatupata. Mawese yakalegea. Na mimi niliyekuwa nimekaa karibu naye niliona vidole vya Zuhura, vilivyokuwa vimekunjika kama makucha ya kuku, vikifunguka kimoja kimoja kwenye ile rimoti yenye umbo la bastola. Fundi naye aliviona. Alivitazama kuliko alivyolitazama gari. Siku hiyo binti alimaliza wa pili, na Migebuka alipita mbele yake kwa urefu wa samaki.

Tangu hapo, kila mashindano, ikawa ada. Tunafika asubuhi na mapema, maana mchana upepo unapeperusha vumbi. Fundi anabonyeza mkia, anatikisa kichwa. "Mafuta yameganda. Tungoje jua." Na watu wanaguna. Watoto wa Kibirizi walimtungia hadi jina, Mzee Kitoweo, wakampigia kelele akipita. Mtu mwenye heshima zake, anayekataa cherehani ya mwenye kudanganya, alikubali kuitwa Mzee Kitoweo.

Kwa nini asingesema tu binti yangu ana baridi, mngojeeni? Kwa sababu Zuhura asingekaa. Mwaka mmoja Migebuka alipunguza mwendo kwenye kona ili ampishe. Zuhura alisimamisha gari lake papo hapo, katikati ya njia.

"Migebuka, ukinisubiri tena nakutukana mbele ya mkeo."

"Sijakusubiri, dada. Betri."

"Betri yako ina huruma? Basi ipeleke hospitali, mimi niache."

Hakumaliza mashindano yale. Alikwenda nyumbani na bajaji, na Fundi akabaki anakusanya vitu vyake. Kungojewa na watu kulimuuma kuliko mifupa. Kungoja mawese kulikuwa jambo lingine, hapo kila mtu anangoja, hata gari.

Mimi uongo ule niliushika kwa bahati tu. Fundi alileta gari la Zuhura barazani kwangu nilibadilishie kitambaa cha mfuko wake, akaliweka juu ya meza. Shokapu moja la nyuma lilikuwa limechoka mpira. Likadondosha. Nilikuwa nashona dera jeupe la harusi, na tone likaangukia pale pale kifuani. Nilipiga yowe. Mtu wa Kigoma anajua, doa la mawese kwenye nguo nyeupe ni msiba, halitoki mpaka nguo ife. Nikachukua kitambaa nikafuta, nikaona halina rangi. Halikuwa jekundu, halikuwa na harufu. Yalikuwa mafuta ya cherehani, safi, yaliyochanganywa na kitu kizito kidogo, mafuta ambayo hata yakipelekwa mlimani hayagandi.

Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama.

"Shona," akasema.

Nikashona.

Baada ya hapo alianza kuniletea kazi za ajabu. "Nishonee mifuko miwili ya kufunika shokapu usiku, zisipate baridi. Nje kitenge, ndani kipande cha blanketi." Nikamuuliza vipimo. Akaweka mkono wake mezani, akafikiri, akavikunja vidole kidogo ili uwe mkono mdogo zaidi. "Hivi." Shokapu la gari lile halizidi kidole gumba. Nilishona mifuko miwili ya ukubwa wa mkono wa Zuhura, nikaiwekea na mahali pa gumba, naye akaipokea. Alikuja na chupa ya chai pia, akidai ni maji moto ya kuoshea tairi. Tairi hazikuoshwa hata siku moja.

Ugonjwa ulivyosogea, na yeye alisogeza nyuma ya gari. Nikisema nilijifunza kitu maishani mwangu nje ya kushona, ni kumtazama yule mzee akiutafsiri mwili wa bintiye kwa skrubu. Vidole vilipoanza kuchelewa, akaziweka tairi za nyuma zitazamane kidogo kwa mbele, kama miguu ya mtoto anayeanza kutembea, ili gari lijinyooshe lenyewe hata mkono ukikosea. Vidole vilipokosa nguvu ya kukamata haraka, akabadilisha springi za nyuma, laini zaidi, na shokapu akalihamisha tundu moja ndani, na msimu uliofuata tundu jingine. Kiberiti kikapita kwa shida zaidi kila mwaka, akiushusha mkia ukaribie ardhi. Kila alichofanya kilimpa Zuhura utulivu na kikamnyang'anya mwendo. Hakuna njia nyingine, nyuma ikishika sana gari linakuwa zito.

Zuhura alilihisi. Nakumbuka wakibishana barazani kwangu, yeye amelala kwenye mkeka, Fundi ana bisibisi.

"Baba, makalio ya gari yamekuwa laini kama ya shangazi."

"Shangazi yako hajawahi kupinduka."

"Hajawahi kushinda pia. Unanipunguzia mwendo."

"Nakupunguzia kuanguka."

Zuhura akasema, bila utani, "Punguza basi. Lakini nimalize."

Fundi alikubali kwa kichwa. Aliendelea kugeuza bisibisi, na niliona kwamba skrubu ilikuwa imeshafika mwisho, inageuka bure.

Mashindano yake ya mwisho yalikuwa mwaka juzi. Ziwa lilikuwa limepanda tena. Miaka hii linapanda tu, limekula vichanja vya chini, limekula vibanda, na ile kona yetu nzuri ya chini, iliyokuwa na miti miwili ya kupimia, ilikuwa tayari ndani ya maji. Tukakata njia fupi. Zuhura alikuja kwa bajaji, akashushwa na baba yake na mimi, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejaa hadi ngozi inang'aa. Hakuweza kuvuta kifyatulio cha rimoti. Fundi alikuwa ameshalijua hilo, akawa amefunga ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, unaovuta kifyatulio nusu, nusu tu, na kukishikilia hapo. Kwa mwendo ule, na nyuma ile aliyoitengeneza, gari halingeweza kupinduka hata likitaka. Yeye alibaki na usukani, ambao angeugeuza kwa kiganja.

"Mafuta yameganda," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tungoje jua."

Hakuna aliyeguna siku hiyo. Tulingoja hadi watazamaji wengine wakaondoka.

Alimaliza wa mwisho, nyuma hata yangu mimi, na mimi kushika mkia ndiyo kazi yangu. Migebuka alimpita mara kadhaa, bila kupunguza hata kidogo, anapita na kelele zake zote, na kila akipita Zuhura anamtukana, naye anajibu. Alipovuka mstari alisema, "Mpira utoeni, unaniuma macho." Fundi akautoa. Akautia mfukoni.

Wiki hiyo haikuisha vizuri. Maumivu yalipanda kifuani. Alilazwa, ikatafutwa damu, tukaenda vijana wa magari karibu wote, Migebuka akiwa wa kwanza kunyoosha mkono, na damu aliwekewa. Aliondoka mchana, wakati wa kuswali adhuhuri, baba yake akiwa kwenye msikiti wa hospitali. Aliporudi akakuta wamemfunika. Wauguzi walisema alikuja na viatu mkononi, hakuvivaa.

Nguo zake nyingi nilizishona mimi. Siku hiyo sikushona. Sanda inakatwa tu. Nilishika mkasi na wale mama wengine wakashika kitambaa, na niliona ajabu kwamba mikono yangu inaenda sawa.

Fundi aliishia hapo kwa namna nyingi. Hakuacha kusali wala kula, hakuwa mtu wa kuonyesha. Lakini mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza kidogo kama mtu aliyebeba mzigo, kisha sana. Fundi wa vyerehani anayetetemeka hawezi kuweka sindano, na watu wana haraka zao. Mmoja mmoja wakapeleka vyerehani kwa fundi mmoja kijana wa hapa mjini, Mwanga. Na mimi yangu ikiharibika naiacha hivyo hivyo mpaka apite, namwambia sina haraka. Huwa anaikaza kwa mikono miwili, mmoja unaushika mwingine.

Mwaka jana mashindano yalifanyika bila yeye. Tulianza asubuhi na mapema, na baridi ile, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kungoja. Ilikuwa mbaya.

Ni Migebuka aliyenifungua masikio. Alikuja barazani na shati la shule la mwanawe limechanika bega, akakaa, tukaongea ya ziwa, tukaishiwa. Nikamwambia, kwa kutaka kumtoa machozi kidogo, kwamba mafuta ya Fundi hayakuwa mawese. Nilidhani nampa siri kubwa.

Alinitazama kwa huruma. "Dada, mimi ni mtoto wa mama aliyekamua mawese maisha yake yote. Unadhani siijui harufu yake? Gari lile halikunuka mawese hata siku moja baada ya ile ya kwanza."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Tulijua wote. Nani alikuwa hajui?"

"Na mkawa mnamcheka. Mzee Kitoweo."

"Tungefanyaje? Tusingecheka, binti angeshtuka." Akavuta uzi uliochomoza kwenye shati. "Ingawa naye, sijui. Alipika kwa mawese kila siku ya Mungu. Gari linalala mapajani mwake. Wewe unadhani pua yake ilikuwa na selimundu?"

Sikuweza kuendelea kushona. Nilimwona Zuhura kwenye kile kiti, amekunja vidole ndani ya mifuko yangu ya kitenge, anamsikiliza baba yake akisema mafuta yameganda, na anaguna pamoja na watu wengine, kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa akiguna kwa ajili ya baba yake. Sote tulikuwa tunaulinda uongo mmoja, na mwenye uongo peke yake ndiye aliyedhani anatudanganya.

Mimi ni mtu wa ndoto, wanaonijua wananicheka. Naota siku moja uwanja wetu uwe juu, mbali na maji, una kuta ndogo za tairi na bendi ya shule inapiga. Kwa hiyo mwaka huu, ziwa lilipofungwa, nilishuka Kibirizi peke yangu asubuhi kupima ardhi iliyobaki. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Mitumbwi imevutwa juu, imelala ubavu. Nikasikia mlio mdogo wa mota.

Fundi alikuwa amesimama pale ziwa lilipokomea, na sweta lile lile ambalo Zuhura alikuwa akilivaa. Rimoti iko mkononi mwake. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akiendesha, ukimpa alisema, "Mimi si dereva, mimi ni wa nyuma." Sasa alikuwa anaendesha gari la bintiye, taratibu, na mikono yake inatetemeka hivi kwamba usukani ulikuwa ukipiga kushoto na kulia bila mpango. Na gari lilikuwa linakwenda. Tairi za mbele zilitapatapa, kila moja inataka kwake, lakini nyuma ilikuwa imetulia, imeshika ardhi, inalinyoosha gari kila linapopotea, inaukataa mtetemeko wake. Lilizunguka jiwe, likarudi, likasimama miguuni pake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakugeuka. "Sijagusa kitu. Matundu yale yale. Springi zile zile."

"Naona."

"Nilimtengenezea yeye." Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine aliyemwazima. "Sikujua."

Akajaribu tena. Baridi ilikuwa kali, upepo umeanza, na safari hii vidole vilikataa kabisa. Kifyatulio hakikuvutika. Alijaribu kwa gumba, akajaribu kwa mikono yote miwili, kisha akatia mkono mfukoni, akautoa ule ukanda wa mpira wa tyubu, akautazama, akaurudisha. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuondoka na hajui aende wapi.

Nikainama nikaliokota gari. Nikaligeuza mkia uje kwangu, nikaubonyeza kwa vidole viwili. Ulishuka na kupanda vizuri kabisa.

"Fundi," nikasema, "mafuta yameganda."

Alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, mzee yule aliyemwachia mama wa watu cherehani yake kwa sababu ya neno moja la uongo, na nikaona anaelewa, polepole, kwanza mimi, halafu Migebuka, halafu watu wote wa pale Kibirizi, na mwisho kabisa akamfikia Zuhura. Nilidhani ataniambia nikalizike.

Alikaa juu ya jiwe. Akanyoosha mikono, nikampa gari, akalipakata.

"Haya mawese," akasema. "Tungoje jua."

Nikakaa karibu naye. Vilima nyuma yetu vilikuwa bado vyeusi.